Kutoka Stesheni hadi Tsudunyi

Mgeni anayefika Moshi huinua macho kwanza. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo hutokea juu ya mapaa ya mabati, cheupe, karibu kuliko alivyotazamia, naye husahau alichokuwa akisema. Hatumlaumu. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima huu bado tunasimama kuutazama. Ila tumeona kwamba wageni wengi, na hata wenyeji, huja Moshi na kuondoka wakiwa wameuona mlima tu. Kwa hiyo tunapowapeleka vijana wetu katika ziara ya kujifunza historia ya imani, huwa hatuanzi na lango la kupandia mlima. Tunaanzia stesheni ya reli, tunapita mjini kwa miguu, kisha tunapanda Old Moshi.

Mji wa Moshi umekaa kati ya mto Karanga upande wa magharibi na mto Rau upande wa mashariki, lakini kilichouzaa ni reli. Njia ya reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911. Kabla ya hapo Moshi lilikuwa jina la nchi ya Mangi huko juu mlimani, penye migomba na baridi. Wajerumani waliposhusha shughuli zao kuja penye reli, walishuka na jina pia, na wenye jina lao wakaachiwa kuitwa Old Moshi, kana kwamba wao ndio waliochakaa. Stesheni yenyewe ilipitia miaka mingi ya ukimya, nyasi zikaota katikati ya reli, hadi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi. Mwezi wenyewe ulifaa. Desemba ndiyo Wachagga wanapopanda kwao, na Watanzania wengine hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa, utani ambao wahubiri wa Krismasi hawaachi kuuunganisha na Luka 2.

Mjini hatukai sana. Tunapita mnara wa saa, Msikiti wa Riadha, hekalu la Wahindu, Kanisa Kuu la Kristo Mfalme. Mtu anaweza kuzunguka sehemu hizi kwa miguu asubuhi moja, na kijana anayedhani Moshi ni mji wa Wakristo peke yao hujifunza hapo bila kuambiwa. Penye jengo la KNCU tunasimama kidogo zaidi. Kahawa ililetwa mlimani na mapadre wa Roho Mtakatifu katika misheni yao ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. (Tukifika hapa, Wakatoliki waliomo katika msafara wetu hutabasamu, na Walutheri hukumbusha kwamba wao pia waliipanda.) Walowezi hawakupenda kuona Mwafrika akilima zao lilelile wanalolima wao. Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kazi hiyo ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Shule nyingi za mlimani zilijengwa kwa fedha ya kahawa. Hata makanisa yetu mengi, tukiyatazama vizuri, yamejengwa kwa debe za buni zilizoletwa kama sadaka ya mavuno.

Kisha tunaelekea mashariki hadi Kiboriloni, sokoni, na kuikamata barabara ya kupanda Tsudunyi na Kidia. Si mbali, kilometa kama kumi hivi, lakini hewa inabadilika njiani. Vihamba vinaanza kushikana, migomba juu ya kahawa, na kando ya njia unasikia maji ya mfongo kabla hujayaona. Mifereji hii ilichimbwa na mababu kwa jembe la mti, ikifuata mgongo wa kilima kwa mteremko mdogo mno, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya maji. Mpakani na makaburini umeota mmea wa isale. Mchagga aliyekosana na jirani akija na jani la isale mkononi, jirani hawezi kumfukuza, lazima amsikilize. Hilo tunawaambia vijana walikumbuke, maana tutalihitaji tukifika.

Tsudunyi palikuwa makao ya Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani na wageni walimwita Mandara. Alikuwa mtu wa akili nyingi katika mambo ya utawala, akijua kumkaribisha huyu na kumtumia yule. Wamisionari Waanglikana wa CMS walipofika mwaka 1885 aliwapa mahali pa kukaa. Mwaka huohuo akatia alama yake kwenye mkataba wa Wajerumani. Alikufa mwaka 1891, na kijana wake Meli akarithi kiti. Juni 1892 Wajerumani walipanda kupigana naye, na Meli akawashinda. Kiongozi wao, von Bülow, alikufa kwa vita hiyo. Hasira ya Wajerumani iliwaangukia pia wamisionari wa Kiingereza, waliotuhumiwa kuwa upande wa Meli, nao wakalazimika kuondoka na kuhamia Taveta. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa na mizinga. Old Moshi ikaanguka.

Katika mwaka huohuo wa 1893 wamisionari wa Leipzig wakafika Machame, wakaenea Mamba, kisha Old Moshi. Hapa huwa tunawaomba wenzetu wasiharakishe. Tumezoea katika jubilei zetu kutaja 1893 kama mwaka wa neema, tukipiga vigelegele, na tunaacha kutaja mwezi wa Agosti. Wamisionari hawakuja na mizinga, na wengi wao walikuwa watu wanyofu waliozika wenzi na watoto katika ardhi hii. Lakini njia waliyopita ilikuwa imefunguliwa na mizinga, na watu wa Meli waliwaona weupe hao na wale kuwa ni wa mlango mmoja. Wangewezaje kuona vingine?

Tarehe 2 Machi 1900, masika yakikaribia, Meli alinyongwa hapa Tsudunyi pamoja na wengine 18. Walikuwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, na viongozi wa Wameru na Waarusha. Walituhumiwa kupanga uasi. Waliochunguza historia ya Uchaggani wanasema fitina za wamangi wenyewe kwa wenyewe zilichangia, na jina linalotajwa zaidi ni la Marealle wa Marangu. Hilo nalo tunalisema wazi mbele ya vijana, ingawa mara nyingi yupo mmoja wa kutoka Marangu anayeinamisha kichwa. Mti unaoonyeshwa kuwa ndio ule bado umesimama, na karibu nao ipo sanamu ya Mangi. Baada ya kunyongwa, kichwa chake kilikatwa, na wazee wa hapa wameshikilia tangu wakati huo kwamba kilipelekwa Ujerumani.

Msomaji asiye Mchagga aelewe uzito wake. Zamani, mzee akifa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa kwa heshima ndani ya kihamba, penye masale, ili abaki na watu wake. Kwa hiyo kumchukua Mangi kichwa kulimaanisha kuwaacha watoto wake bila mahali pa kumkuta.

Chini ya mti huo huwa tunafungua Zaburi ya 111. Sababu yake ni Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Kilema kutoka Rabai, mmisionari huyo aliiona theluji ya Kibo, akaandika habari zake, na mabingwa wa jiografia wa London wakamcheka kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Mambo hayo yanajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba siku hiyo alipumzika akasoma Biblia, na zamu yake ya kusoma ilikuwa imefika Zaburi hiyo. Aya ya 6, inayosema habari za Mungu kuwapa watu wake urithi wa mataifa, ilimgusa sana mbele ya mlima ule. Rebmann alikuwa mtu mpole, aliyetembea na mwavuli, na hatuna shaka alikuwa akifikiri urithi wa roho. Lakini miaka 40 haikupita kabla ya wengine kuja kuuchukua urithi wenyewe, ardhi kwa hati na watu kwa kamba. Kusoma aya ile pale Tsudunyi si sawa na kuisoma kanisani. Tumewahi kuwa na kijana aliyekataa kuitikia Amina. Hatukumlazimisha.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kidia, usharika wa Kilutheri, ambako Bruno Gutmann alifanya kazi kwa miaka mingi. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akaondoka kabisa mwaka 1938. Katika wakati uleule ambapo makumbusho ya Berlin yalikuwa yakikusanya mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki, Mjerumani huyu alikuwa akikaa na wazee wa Old Moshi akikusanya maneno yao: sheria, mafundisho ya jando, desturi za ukoo, za ujirani na za rika. Wapo wanaomlaumu, na wana hoja, kwamba alipenda sana Mchagga wa zamani na kumwogopa Mchagga wa shule na kahawa. Hata hivyo, tukitaka leo kujua mengi ya yale ambayo babu wa babu zetu walisema barazani, inatubidi kuuliza vitabu vyake, vilivyoandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi.

Lakini Kidia hatumtaji Gutmann peke yake, maana wageni wengi wakiambiwa habari zake hudhani ndiye aliyelipanda Kanisa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakiwa wameshaitwaa Moshi tangu Machi 1916, wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa nchini mwaka 1920. Sharika za Kilutheri za mlima mzima zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Wachagga. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji. Hawakuwa na mshahara wa kutegemea wala serikali ya kuwalinda, na wangeweza kufunga milango wakasema, dini ya wazungu imeondoka na wazungu wenyewe. Wengi wao walikuwa watoto au vijana mwaka 1900. Walijua mti uko wapi. Hawakufunga. Walifundisha watoto, walizika, walikusanya watu Jumapili. Wamarekani wa sinodi ya Augustana walipofika kusaidia miaka michache baadaye, na watu wa Leipzig waliporudi mwaka 1925, walikuta Kanisa liko hai.

Sisi tunaona kwamba kama kuna mwaka wa kupigia vigelegele, ni 1920. Mwaka huo ndipo ilipojulikana kwamba walichokipokea wazee wetu hakikuwa bendera. Yaliyofuata yametoka hapo: mkutano wa Walutheri wa Afrika nzima uliofanyika Marangu mwaka 1955, na kuungana kwa makanisa saba kuwa KKKT mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa Mamba, aliyezaliwa miaka sita baada ya kunyongwa kwa Meli.

Linabaki suala la kichwa. Kwa miaka mingi ukoo wa Mangi uliuliza, na wengine wakaona ni mambo ya mila yasiyowahusu waumini. Tunawaelekeza hao kwenye Samweli wa Pili, sura ya 21. Watu saba wa nyumba ya Sauli walinyongwa mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri, na Rizpa, mama wa wawili kati yao, akatandika gunia juu ya mwamba, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku mpaka mvua iliponyesha. Hakuhubiri wala hakuandika barua kwa mfalme. Alikaa tu, mpaka Daudi akasikia, akaikusanya mifupa, na ile ya Sauli na Yonathani ikazikwa katika kaburi la baba yake Sauli. Hapo ndipo, kwa maneno ya sura hiyo, Mungu akaombwa kwa ajili ya nchi naye akasikia.

Septemba 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia, huko Berlin, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa koloni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yapo 202 ya Tanzania. Matatu yalioanishwa kwa vinasaba na jamaa walio hai hapa mlimani, na mojawapo, kwa ulinganifu kamili, ni la mshauri wa Mangi Meli aliyeandikwa kwa cheo tu, Akida. La Meli mwenyewe bado halijapatikana.

Vijana huuliza kama Kanisa litakuwepo siku mafuvu hayo yatakaposhuka kwenye ndege. Wengine huuliza nani ataongoza ibada, na kwa kitabu kipi, maana Meli hakubatizwa. Mzee mmoja wa Tsudunyi aliyekuwa akitusindikiza alisikia swali hilo, akavunja jani la isale pembeni ya njia, akampa aliyeuliza. Akasema, "Mwanangu, mje nalo hili kwanza. Kitabu tutakitafuta pamoja."