Hariri na Unyoya wa Kwale: Historia ya Chambo cha Mito ya Yorkshire

Kwa macho, hakina la kujivunia. Ni ndoano ndogo, uzi wa hariri wa rangi ya chungwa, na unyoya mmoja wa kwale uliozungushwa karibu na tundu la ndoano. Hakina mabawa wala mkia. Mnunuzi mgeni atakiruka achague vyambo vinavyong'aa. Hata hivyo, kaskazini mwa Uingereza, vyambo vya aina hii vimewanasa samaki wa aina ya trauti kwa zaidi ya miaka 200, na wavuvi wa huko hawana haraka ya kuviacha.

Trauti hupenda maji baridi yanayokwenda kasi. Sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu wanaokulia chini ya mawe ya mto. Siku yao ikifika, hupanda juu ya maji, hujivua ngozi na kuruka. Wengi huliwa wakiwa njiani. Ni wadogo na laini mno kutungwa kwenye ndoano, ndiyo maana mvuvi huwaiga kwa uzi na manyoya.

Ujanja huo ni wa kale. Aelian, mwandishi wa Roma ya kale, aliwataja watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano. Uingereza nayo, kitabu kilichochapwa mwaka 1496 kiliorodhesha vyambo 12 vya manyoya. Lakini chambo chenye unyoya laini, kisicho na mapambo, kilipata makao katika mabonde ya Yorkshire, huko huko kaskazini. Mito ya huko, kama vile Wharfe, Nidd na Ure, huteremka kwa kasi juu ya mawe, na samaki hapati nafasi ya kukagua anachokiona. Kitu kikionekana kuwa hai, hukidaka. Akisita, maji yameshakichukua.

Vifaa vilipatikana karibu: manyoya ya kwale, ya kwezi na ya kukuziwa, na malaika ya sungura au ya fuko aliyenaswa shambani. Mwaka 1807 John Swarbrick aliandika orodha ya vyambo vya mto Wharfe. Mwaka 1885 T. E. Pritt alitoa kitabu chenye picha za rangi za vyambo 62, kikachapwa tena mwaka uliofuata kwa jina la *North-Country Flies*. Edmonds na Lee walifuata mwaka 1916 na *Brook and River Trouting*. Nakala chache za kitabu hicho zilibandikwa manyoya na hariri halisi, msomaji asije akakosea rangi.

Kukifunga huchukua dakika chache. Ndoano hubanwa kwenye jiliwa, na hariri hupakwa nta. Uzi huzungushwa kuelekea nyuma, ukaishia kabla ya pindo la ndoano, kisha hurudishwa mbele. Unyoya wa kahawia kutoka mgongoni mwa kwale hunyofolewa malaika ya shinani, ukafungwa na kuzungushwa mara moja au mbili tu, halafu fundo. Ukizidisha mizunguko, nyuzi za unyoya zitasongamana na kukakamaa. Zikiwa chache, kila mkondo wa maji huzikunja na kuzikunjua, na trauti huona miguu ya mdudu anayehangaika kufika juu.

Namna ya kuvua kwa chambo hiki nayo ina historia yake. Mwaka 1857 Mskoti W. C. Stewart alitoa *The Practical Angler*, akihimiza kurusha mshipi kuelekea mto unakotoka. Hoja yake ilikuwa rahisi: trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, hivyo anayemjia kwa nyuma haonekani. Chambo alichokisifu kuliko vyote kilikuwa cha unyoya wa kwezi na hariri ya kahawia, naye alikiri wazi kwamba alionyeshwa na mvuvi James Baillie.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1886 Frederic Halford alichapisha kitabu kuhusu vyambo vinavyoelea, vilivyofaa mito angavu na mitulivu ya kusini mwa Uingereza. Wafuasi wake waligeuza mbinu hiyo kuwa sheria, na anayezamisha chambo akaonekana hana adabu. Mwanasheria G. E. M. Skues hakukubali. Mwaka 1910, katika *Minor Tactics of the Chalk Stream*, alitetea chambo cha chini ya maji hata kwenye mito hiyo ya kusini, kwa kuwa trauti wengi hula kabla wadudu hawajafika juu. Ubishi ulidumu hadi mwaka 1938, suala hilo lilipojadiliwa rasmi katika klabu ya wavuvi jijini London.

Ng'ambo ya bahari, nchini Marekani, James Leisenring wa Pennsylvania, aliyeandikiana barua na Skues, alitoa kitabu chake kuhusu vyambo vinavyozama mwaka 1941. Mwaka 1975 Sylvester Nemes alichapisha *The Soft-Hackled Fly*, na Wamarekani waliokuwa wamekipa chambo hiki kisogo wakakirudia.

Kenya nayo imo katika historia hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza mayai ya trauti kutoka Uskoti, samaki wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye nchi hiyo ikawa miongoni mwa zinazofunga vyambo vya manyoya kwa mikono na kuviuza Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Yorkshire leo anaweza kununua dukani kwao chambo cha babu zake kilichofungwa na Mkenya. Akitaka kujua kama kimefungwa vizuri, asikitazame kikiwa kikavu. Akitie majini avute mshipi kidogo: nyuzi za unyoya zikicheza, fundi alijua mahali pa kukomea.