Karakana Inayotembea Juu ya Maji

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa nikifundisha sayansi katika chuo kimoja cha ualimu, mwanachuo mmoja alisimama akaniuliza: gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 itavukaje bahari hadi Kilwa? Wakati ule palikuwa na mipango ya kujenga kiwanda cha amonia na mbolea huko Kilwa, na habari zake zilifika hadi kwetu bara. Nilijibu bila kusita. Nilisema mabomba yatashushwa moja moja kwa kamba, na huko chini watakuwapo wapiga mbizi wa kuchimba mtaro na kuyachomelea. Darasa zima likaandika.

Hao walikuwa walimu watarajiwa. Kwa hiyo jibu langu halikubaki darasani. Lilipanda treni likaenda Urambo, Kasulu na Sikonge, likaandikwa ubaoni mbele ya watoto ambao leo ni watu wazima. Nalo halikuwa sahihi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtu aliyekulia Usinge hakuwa na sababu ya kukosea. Nchi yetu hii ya Unyamwezi iliishi kwa kujua namna ya kupitisha kitu kikubwa mahali pagumu. Mpagazi wa msafara alibeba kiasi cha frasila mbili, na kisichobebeka kilikatwa. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1876 mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imetembea vichwani na mabegani mwa watu, vipande vipande. Meli ambayo baadaye iliitwa Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalipita Usinge kwa reli kabla meli haijaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915.

Lakini somo kubwa zaidi lilikuwa reli yenyewe, ambayo nilikuwa nikiiruka kila asubuhi nikienda shule. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na haikubebwa kutoka Dar es Salaam. Ilikua kwenye ncha yake. Vyuma vililetwa na treni juu ya njia iliyokwisha kulazwa, vikafungwa mbele, treni ikasogea, vikaletwa vingine. Kilichosafiri ni kambi ya kazi. Reli ililala palepale ilipowekwa.

Bomba la baharini hulazwa vivyo hivyo, isipokuwa kambi yake huelea. Huwa ni tishari refu lililotupa nanga pande zote, nyaya za nanga zikiwa kwenye winchi. Vipande vya bomba, aghalabu vya mita 12, hupangwa mstari mmoja sitahani. Kituo cha kwanza huchomelea mshono wa kwanza, cha pili huongeza mwingine juu yake, cha tatu hupiga picha ya eksirei kutafuta ufa, na cha mwisho hufunika kiungo kwa kinga ya kutu. Kisha tishari hujivuta kwa nanga zake mbele mita 12. Bomba haliendi popote. Ni tishari linaloondoka chini yake.

Linapotoka nyuma, bomba huegemea mkono wa chuma uliopinda, hujikunja kuelekea chini, kisha hujikunja tena kinyume linapogusa sakafu ya bahari. Ukilitazama kwa ubavu, lina umbo la herufi S. Mashine zenye mikanda hulibana juu ya tishari ili lisiteleze kwa uzito wake, na zikilegea hukunjika kama mrija wa kunywea soda. Katika bahari ya kina kirefu sana hutumika meli yenye mnara, bomba likishushwa karibu wima, kwa mpindo mmoja tu. Mabomba membamba huchomelewa nchi kavu na kuzungushwa kwenye gurudumu kubwa. Waingereza walifanya hivyo mwaka 1944, walipovusha mafuta ya majeshi kwenda Ufaransa kwa mabomba ya inchi 3 yaliyofunguliwa kama uzi kutoka kwenye mapipa makubwa yaliyoelea.

Sasa wapiga mbizi wangu. Chuma kikichomelewa ndani ya maji hupoa ghafla mno, na kiungo huwa kigumu lakini chepesi kupasuka. Tena kutoka Songo Songo hadi Somanga Funga ni kama kilomita 25. Kwa vipande vya mita 12, hivyo ni viungo zaidi ya 2,000. Mwalimu wa sayansi alipaswa kupiga hesabu hiyo kabla ya kufungua kinywa.

Nilikosea pia kudhani kwamba chuma kitazama chenyewe. Chukua bomba la inchi 24 lenye ukuta wa milimita 15. Mita moja yake ina uzito wa kilo 220 hivi, lakini husukuma kando maji ya bahari yenye uzito wa kilo 300. Likiwa limejaa hewa huelea! Ndiyo maana mabomba makubwa huvikwa zege. Nilikuwa nikifundisha kanuni ya Archimedes kila mwaka, kwa jiwe na ndoo.

Bomba la kwanza la Songo Songo, la inchi 12, lilianza kuleta gesi mwaka 2004, miaka 30 baada ya ugunduzi. Pwani lilikutana na bomba la inchi 16 lenye urefu wa kilomita 207 hivi hadi Dar es Salaam. La pili, la inchi 24, lilikuwa sehemu ya mradi wa Mtwara hadi Dar es Salaam uliokamilika mwaka 2015. Ni baada ya hilo la kwanza kuanza kazi ndipo nilipokaa kusoma jinsi mambo haya yanavyofanywa, na aibu ikanipata uzeeni.

Niliwaandikia barua wanafunzi wangu wa zamani niliokuwa na anwani zao, watu sita tu. Mmoja, naye amekwisha kustaafu, alijibu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaandika kwamba amefurahi, ila ana swali. Ufukweni tishari halielei, kwa hiyo huko bomba huvutwa kwa winchi iliyofungwa nchi kavu. Kipande kimoja kinatoka Songo Songo, kingine kinatoka Somanga. Ncha mbili zikikutana baharini, Mwalimu, nani anaziunganisha?

Safari hii sikujibu siku ileile. Nilisoma kwanza, ndipo nikamwandikia kwamba zipo njia mbili. Ama ncha zote mbili huinuliwa kwa kreni ubavuni mwa tishari, zikachomelewa hewani na kushushwa taratibu. Ama kila ncha hufungiwa sahani ya chuma yenye matundu, kisha hushuka wapiga mbizi. Hawachomelei. Wanakaza bolti.