Dawa ya Ukoma na Safari Yake hata Hombolo

Wengi hudhani ya kwamba dawa ikigunduliwa, mgonjwa hupona kesho yake. Historia ya ukoma yatufundisha vingine. Hombolo, katika nchi ya Wagogo karibu na mji wa Dodoma, Kanisa la Anglikana liliweka kituo cha kuwatunza wenye maradhi hayo. Dapsoni, iliyokuwa tegemeo la vituo vya namna hiyo kwa miaka mingi, ilitengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1908. Kwa nini ilikawia kuwafikia wagonjwa?

Sababu ya kwanza ilikuwa katika maabara yenyewe. Fromm na Wittmann walioitengeneza hawakuwa wakitafuta dawa. Mwaka 1937 ilijaribiwa kwa panya wenye vijidudu vingine. Ikaviua, lakini ikahesabiwa kuwa sumu kali mno kwa wanadamu. Tena kijidudu cha ukoma, alichokigundua Hansen wa Norway mwaka 1873, kilikataa kuoteshwa katika chupa. Ni mwaka 1960 tu ndipo Shepard wa Marekani alipoeleza jinsi ya kukikuza katika nyayo za panya. Kabla ya hapo, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa kipimo. Mwaka 1941, huko Carville, Marekani, Faget alianza kuwadunga wagonjwa Promin, dawa ya jamii ya dapsoni. Kisha John Lowe, pale Uzuakoli, Nigeria, akaonyesha ya kuwa dapsoni yenyewe, ikimezwa kwa kiasi kidogo, yafaa na bei yake ni nafuu.

Sababu ya pili ilikuwa nje ya maabara. Kidonge hicho kilidai miaka mingi, pengine maisha mazima. Baka likififia, mkulima wa uwele hujiona amepona, akaacha dawa. Na aliyefichwa na jamaa zake kwa aibu hakuipata kabisa. Mwaka 1964 ilithibitishwa huko Malaya ya kwamba vijidudu vimepata nguvu ya kuishinda dapsoni. Hivyo mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri ichanganywe na rifampisini na klofazimini, na muda wa matibabu ukafupishwa. Tanzania ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977.

Hata leo dawa nyingi za kiharusi zilizowafaa panya zimeshindwa kwa wanadamu. Hapana budi, basi, tuhesabu pia gharama ya kungoja. Mkono wenye ganzi hauujui moto wa jikoni, na vidole vilivyopotea katika miaka ile havikurudishwa na dawa yo yote.