Montefalco: Mzabibu Uliotunzwa kwa Ajili ya Sikukuu



Wapendwa, kila Dominika wakati wa matoleo tunakumbushwa kwamba divai hutoka katika mzabibu na katika mikono ya watu. Juma hili tuitazame kazi ya mikono hiyo mahali pamoja: Montefalco, mji mdogo juu ya kilima katika mkoa wa Umbria, Italia, si mbali na Asizi. Huko hustawi zabibu nyeusi iitwayo Sagrantino.

Wengi hulihusisha jina hilo na neno la Kilatini *sacer*, yaani kitakatifu. Husimuliwa pia kwamba Wafransisko ndio walioleta mzabibu huo kutoka Mashariki. Hayo ni mapokeo tu. Lililo wazi ni kwamba watawa wa mji huo walitengeneza divai. Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, ambamo Benozzo Gozzoli alichora ukutani maisha ya mtakatifu huyo mwaka 1452, vyumba vya chini ambamo Ndugu Wadogo walitengenezea divai vingalipo. Mji huo ndio pia wa Mtakatifu Klara wa Montefalco, mtawa wa Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 1308 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1881.

Kwa karne nyingi divai ya Sagrantino ilikuwa tamu. Zabibu zilivunwa, zikatandazwa juu ya chanja kwa majuma mengi hadi zikanyauka, ndipo zikakamuliwa. Zabibu hiyo ina ukakasi mkali mno, na utamu ndio ulioutuliza. Haikuwa divai ya kila siku. Familia ziliiweka akiba kwa sikukuu, hasa Pasaka, wakainywa pamoja na nyama ya mwanakondoo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana waliacha mashamba wakaenda mijini. Kufikia miaka ya 1960 mzabibu huo ulikuwa karibu kutoweka. Ulisalia katika mashina machache, mengine ndani ya kuta za mji na za monasteri. Kutokana na mabaki hayo wakulima walianza kupanda upya, na katika miaka ya 1970 wakatengeneza pia divai isiyo tamu. Baadaye familia ya Caprai ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Milano kuichunguza zabibu hiyo. Serikali ya Italia iliitambua divai hiyo mwaka 1979, na mwaka 1992 ikaipa daraja la juu kabisa. Leo ile isiyo tamu haiuzwi kabla ya kukomaa miezi 37, angalau 12 ikiwa katika mapipa ya mbao.

Wapendwa, soko lilikuja mwishoni. Kabla yake walikuwapo watu waliopogoa mashina machache yasiyowaletea fedha, kwa sababu tu Pasaka ingefika tena. Kanisa nalo, katika kanuni ya 924, linadai divai ya Misa iwe ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika. Dai hilo dogo halitimizwi pasipo mkulima mwaminifu.

Nasi tuna mashina yetu: sala ya jioni nyumbani, nyimbo ambazo wazee peke yao wanazijua, mafundisho ya katekista asiye na mshahara. Hayana faida sokoni. Je, yatakuwapo watoto wetu watakapoyahitaji? Tuyapogoe sasa, yangali hai.

Mungu awabariki.