Santuri kutoka pande mbili za Ziwa Tanganyika

Ukikuta sandukuni mwa bibi, huku Minago au Rumonge mjini, mwambaoni mwa Burundi, sahani nyeusi nzito inayovunjika kama kigae, usikimbilie spiriti ili kuisafisha. Santuri za kale zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa mdudu wa India, na spiriti huiyeyusha pamoja na wimbo wake. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukibeba dakika tatu hivi za mahaba na malalamiko. Sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila mara; kwa kuwa wengi walibana matumizi, mikwaruzo ndiyo iliyobaki.

Kiswahili kiliingia kwenye santuri kwa kishindo mwaka 1928, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipotoka Unguja kwenda Bombay kurekodi chini ya nembo ya His Master's Voice. Kufikia 1931 kampuni ilikuwa imeuza santuri za Kiswahili zipatazo 72,000. Njia ya kufika ziwani ilikuwapo tayari: reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na meli Liemba ilianza kazi mwaka 1927.

Upande wa magharibi ulichelewa, lakini ulikuja na gitaa. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha kampuni ya santuri ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mto Kongo, aliimba rumba ya Marie-Louise akiwa na Henri Bowane. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, akipiga Masanga.

Kwa maoni yangu, mwambao wetu ulikuwa wa rumba zaidi kuliko taarabu, na sababu si ladha tu. Ruanda-Urundi ilitawaliwa na Wabelgiji pamoja na Kongo, na tangu 1952 noti zake zilitoka benki kuu moja. Mwenye duka aliyetaka santuri za Ngoma hakubadilisha pesa. Za Unguja zilimvusha mpaka wa Mwingereza.

Enyi wenye masanduku hayo, msitupe hata vipande. Nambari iliyochorwa karibu na lebo hutosha kuitambulisha rekodi, kwa hiyo ipigeni picha. Sahani nzima zisimamisheni wima, mbali na jua na unyevu wa ziwa, kisha waulizeni wazee zilinunuliwa wapi na nani.