Weka Upya: Jina Moja, Vitendo Viwili

Simu zenye menyu ya Kiswahili husema "weka upya" pale kifaa kinapotakiwa kurudi kilivyokuwa. Kwa mpiga gita mwenye mashine ya efekti miguuni, maneno hayo ni ya hatari, maana yamebeba vitendo viwili ambavyo havifanani.

Mashine yenyewe ni kisanduku cha kukanyaga chenye mwangwi, mkwaruzo na mifano ya amplifaya mbalimbali. Mpangilio mmoja kamili wa hivyo vyote huitwa pachi, kutoka neno la Kiingereza "patch". Katika sinthesaiza za Moog za miaka ya 1960, sauti ilijengwa kwa kuunganisha sehemu za mtambo kwa nyaya, na muunganisho huo ndio uliopewa jina hilo. Aliyetaka kuipata tena sauti yake aliichora karatasini. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5 ya Sequential Circuits, iliyoweza kutunza sauti 40 na kuziita kwa vitufe. Nyaya zikaondoka, jina likabaki. Kulitafsiri "kiraka" ni kupotea njia. Kiraka ni cha programu yenye tundu. Tubaki na pachi, au tuseme tu "sauti namba fulani", jukwaani inatosha.

Sasa tuingie ndani. Ukiita pachi, mashine huinakili kwenye kumbukumbu ya muda, na chochote unachozungusha huhariri nakala hiyo. Ile iliyotunzwa haijaguswa. Ukihamia pachi nyingine kabla ya kuhifadhi, nakala inapotea pamoja na jasho lako, na ukirudi unaikuta sauti ya zamani. Hicho ndicho kitendo cha kwanza, nami ningekiita kutengua. Msikilizaji wa taarifa za habari za Tanzania analijua neno hili: uteuzi ukitenguliwa, kilichofutwa ni uamuzi mmoja, ofisi ipo palepale. Lisichanganywe na "tendua" ya kwenye kompyuta, ambayo hurudi hatua moja moja. Hapa mabadiliko yote ya pachi hiyo huondoka kwa mkupuo.

Kitendo cha pili ni kurejesha hali ya kiwandani. Chukua Boss GT-1: ina pachi 99 za kiwandani zisizobadilishika na nafasi 99 za mtumiaji. Ukirejesha kila kitu, nafasi zako zote zinaandikwa upya kama zilivyotoka kiwandani, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Ambaye hakuzinakili kwenye kompyuta kwa waya wa USB ataanza moja. Vitendo hivi vikiitwa vyote "weka upya", mtu aliyetaka kuachana na mwangwi uliozidi anaweza kufuta repertoa nzima ya bendi.

Hata "hifadhi" haisemi yote. Neno hilo lina harufu ya usalama, kana kwamba hakuna kinachoweza kuharibika, ilhali kuhifadhi pachi kwenye nafasi yenye sauti nyingine ni kuifuta ile iliyokuwemo. Boss wameandika kitufe chao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuandika, na hapo wamekuwa wakweli kuliko sisi. Kama ningepewa menyu niitafsiri, ningeweka "andika kwenye nafasi", kisha namba ya nafasi na jina la sauti iliyomo, ili mtu aone anaandika juu ya sauti gani.