Siku ya Kuzaliwa ya Shoga Yetu wa Mpanda



Tarehe 1 Januari mwaka huu, sijamaliza hata adhkari za asubuhi, simu ilishaanza kulia. Lilikuwa kundi letu la darsa la WhatsApp: wanawake wa Unguja na Pemba, wachache wa Tanga, wawili wako Maskati, na mmoja yuko Mpanda, mkoa wa Katavi. Siku hiyo ilikuwa yake. Anaolewa baada ya Idi In shaa Allah, na wiki moja nyuma alitutumia picha ya kitambulisho ili tumsaidie kujaza fomu za ndoa. Mmoja wetu akaiona tarehe, akaiweka moyoni. Basi siku ilipofika ikawa ni maua, dua, picha za keki, na sauti za watu wanaoimba vibaya.

Saa nne akajibu. Ahsanteni dada zangu, Allah awalipe, lakini hiyo si siku yangu. Hiyo ni siku niliyopewa na mwalimu.

Kumbe alipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu wa skuli moja ya huko alimtazama, akakisia, akaandika 1 Januari 1999. Tarehe ile ikaingia kwenye cheti cha darasa la saba, ikatoka hapo ikaingia kwenye kitambulisho cha Taifa, na nyote mnajua kwamba namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo siku ya kukisiwa ndiyo inayoongoza namba yake kila anapokwenda benki au kusajili laini ya simu. Wala si peke yake. Wakimbizi wengi wasio na karatasi, popote duniani, huandikiwa 1 Januari hiyo hiyo.

Mimi nilidhani hili ni jambo la shamba, la huko bara. Nikaanza kuwahesabu wanawake wakubwa wa kwetu, nikanyamaza.

Siti binti Saad, mwanamke aliyeipeleka sauti ya Unguja mpaka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, tunajua alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kuzaliwa kwake vitabu vinasema "mnamo 1880", huko Fumba, basi. Siku hakuna. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013 na dunia nzima ikatangaza, lakini umri wake kila gazeti lilikuwa na wake. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba alizaliwa wakati wa rupia. Na rupia Unguja ilitumika mpaka mwisho wa 1935, kwa hiyo mwenye kutaka kuhesabu ahesabu! Ukitaka mwanamke wa kale wa Kizanzibari ambaye siku yake inajulikana, yuko Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Huyo alikuwa binti wa mfalme, alijifundisha kuandika kwa siri, akaishia Ujerumani alikoandika kitabu cha maisha yake. Siku ya kuzaliwa ilikwenda pamoja na karatasi.

Bara nako karatasi haikumfikia kila mtu kwa wakati mmoja. Sheria ya Waingereza ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika, ya mwaka 1920, haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha mtoto wake. Katika Katavi, waliotangulia kuwa na tarehe ni watoto wa Wakristo wa Karema, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 likachukuliwa na mapadre wa Kikatoliki, ambao huandika kila anayebatizwa katika kitabu. Mtoto wa Kiislamu wa pande hizo hakuwa na kitabu cha namna hiyo. Alikuwa na akika siku ya saba, na alikuwa na jina.

Hapa kwenye jina nataka tukae kidogo, maana hatulitazami. Mwanakhamis, Mwajuma, Jumanne. Rajab, Shaaban, Ramadhan. Mwanaidi. Maulid, aliyezaliwa Mfungo Sita. Mababu zetu hawakuiandika siku ya mtoto, waliifanya kuwa mtoto mwenyewe. Kila ukimwita aje ale, umeitaja siku yake. Wasukuma, ambao wengi wamehamia Katavi na ng'ombe wao, nao wana mtindo wao: Mbula ni wa mvua, Nzala ni wa njaa, Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuatia mapacha ni Shija. Ukilijua jina, unajua aliingiaje duniani. Mwaka wake ndio hulijui, na mwaka hawakuwa na haja nao sana.

Mwaka waliufunga kwenye tukio. Kwetu wazee walisema fulani wa mwaka wa kimbunga, nacho ni kile cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Baadaye ikawa vita vya ng'ombe vya Kiembe Samaki, 1951, halafu Mapinduzi, 1964. Mpanda wana orodha yao, nami sikuwa naijua mpaka shoga yetu alipoanza kutueleza kwao.

(Samahanini, nasema "shoga" kwa maana yetu ya visiwani, rafiki wa kike. Yeye ametuomba tusimwite hivyo kwa sauti kwenye simu akiwa ndani ya basi, maana bara neno limebeba maana nyingine kabisa na abiria hugeuka.)

Bibi yake alizaliwa mwaka wa treni. Reli ya tawi kutoka Kaliua mpaka Mpanda, kilomita 210 hivi za pori la miombo, ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, ikafika mwaka 1950. Mwaka ule ule aliofariki Siti. Baba wa bibi alikuja kutoka Tabora kutafuta kazi mgodini, na Waislamu wengi wa mji ule walikuja hivyo hivyo, kwa reli, kutoka Tabora na Ujiji. Mama yake alizaliwa mwaka walipokuja Warundi, maana yake mauaji ya Burundi ya 1972 na makazi ya Katumba yaliyofunguliwa baada yake jirani na mji. Hao nao waliishi bila ya uraia mpaka 2014, ambapo zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Na yeye mwenyewe, mwali wetu, ni wa mvua za El Nino.

Basi kundi likageuka kuwa baraza la kutafuta tarehe. Naona haya kidogo kuandika kwamba tulipuuza hata somo la tajwidi siku hiyo.

Mama akapigiwa simu. Akasema: mvua za El Nino, mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho, Ijumaa. Mmoja wa Maskati akafungua kalenda. Mvua zile zilianza mwisho wa 1997 zikaingia 1998. Ramadhani ya mwaka 1418 Hijria ilianza ama tarehe 31 Disemba 1997 au siku ya pili yake, kwa kuandama mwezi. Tarehe 1 Januari 1998 ilikuwa Alkhamisi. Kumi la mwisho likaanza kama tarehe 20 au 21 Januari. Ijumaa iliyomo ndani yake ni tarehe 23. Pakawa na ubishi: je, Ijumaa ya tarehe 30 haikuwa Ramadhani bado, kwa walioanza kufunga siku ya pili? Mama akaumaliza kwa neno moja. Akika ilikutana na Idi, wageni walikula vyote kwa pamoja, na baba yake alifurahi kwa kupunguza gharama. Ukihesabu siku saba kutoka Ijumaa ya 23 unafika Alkhamisi ya 29, na Idi mwaka ule ilikuwa ndiyo hapo hapo.

Mpemba mmoja akauliza swali la Kipemba: Ijumaa ya mchana au usiku wa Ijumaa? Maana kwetu siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni Alkhamisi jioni. Mama akacheka. Mchana, wanaume walikuwa wanatoka msikitini.

Ijumaa, tarehe 23 Januari 1998. Mwaka mmoja kasoro siku chache kabla ya ile ya mwalimu.

Sasa likaja suala lililotugawa. Wawili katika kundi walisema, kwa adabu, kwamba siku ya kuzaliwa si sherehe yetu, ni kuiga, na kama tulikuwa tukipongeza kwa mazoea tusizidishe sasa kwa kuitafutia hesabu. Wengine wakaleta Hadithi ya Sahihi Muslim, kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipoulizwa juu ya kufunga Jumatatu alijibu kuwa ni siku aliyozaliwa. Wa kwanza wakajibu: naam, alifunga, na kila wiki, hakukata keki. Wanavyuoni wamekhitilafiana na mimi si mwanachuoni, kila mmoja aulize anayemwamini. Ninachoweza kusema ni cha historia: bibi zetu hawakupongezana kwa tarehe, kwa sababu hawakuwa nayo, lakini kupongezana hawakuacha hata kidogo. Mwanamke alipongezwa alipovunja ungo, alipoolewa, alipojifungua na kufika arubaini, aliporudi Hija. Vikundi vya lelemama, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, vilikuwa kwa sehemu kubwa ni hivyo: watu wa kukusimamia siku yako, kwa sare na michango. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na mwaka 1955 alipoitwa kuanzisha kitengo cha wanawake wa TANU alikwenda kwanza kwa vikundi vya namna hiyo, maana ndiko wanawake walikokuwa wanajuana kwa majina.

Na walio mbali? Wenye umri wangu mtakumbuka salamu za redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vyake, na cha wagonjwa, Ugua Pole. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako na la mahali ulipo, halafu majina ya unaowasalimu, ukatia posta. Kutoka Mpanda kadi ilipanda treni mpaka Tabora ndipo ishike njia ya Dar es Salaam. Wiki zikapita, siku moja mtangazaji akalisoma. Wanasalamu walianzisha vyama vyao, wakajuana kwa sauti ya mtu wa tatu kabla ya kuonana uso kwa uso, na wakazikana. Bibi wa mwali wetu alitajwa redioni mara moja tu, akiwa amelazwa, na mjukuu anasema alikuwa anaisimulia mpaka kufa kwake: "Nilitajwa." Hakusema kama ilikuwa siku gani.

Hilo ndilo lililonikaa. Asubuhi ile ya 1 Januari tulimpelekea zaidi ya ujumbe 60, nami nilipovipitia upya sikukuta hata mmoja unaomhusu yeye hasa. Ungeweza kubadilisha jina ukampelekea mtu mwingine. Wangu ulikuwa picha niliyotumiwa mwaka uliopita na mtu mwingine. Simu imeturahisishia tarehe, inatukumbusha wenyewe bila hata ya kujisumbua, na ndiyo maana hakuna aliyemuuliza kama siku ile ni yake.

Tulipatana hivi. Tarehe 23 hatukuimba wala hatukupeleka keki za picha. Kila mmoja aliandika kitu kimoja anachokijua juu yake, na dua moja kwa ajili ya ndoa yake. Wale wawili waliopinga waliandika dua tu, na zilikuwa ndefu kushinda zetu. Mmoja alimkumbusha kwamba ndiye aliyemsomesha Suratul Mulk kwa sauti za simu usiku wa kuuguza mtoto wake, aya moja moja, wiki sita. Mwengine akasema hamjui sura lakini anajua kikohozi chake. Tukachangishana kwa M-Pesa, tukanunua doti mbili za kanga Darajani, udi, na halua ya Wete. Kikapu kikapanda boti, kikashushwa Dar es Salaam, kikatiwa kwenye basi la Mpanda. Kilichelewa siku tatu na halua ilifika imevuja.

Kuhusu karatasi, amekwenda kwa wakili kula kiapo cha umri ili arekebishe. Bado anafuatilia. Mume mtarajiwa amesema kwake ni sawasawa, lakini yeye anataka cheti cha ndoa kiandikwe siku aliyozaliwa kweli, si ya mwalimu.

Juzi mama alishika simu ya binti akatutumia sauti. Alishukuru kwa kanga, akasema moja ameichukua yeye. Kisha akauliza, kama mtu anayeona haya, iwapo yule wa Maskati mwenye kalenda bado ana nafasi. Yake na yeye hajui. Alichoambiwa na marehemu mama yake ni kwamba Warundi walikuwa wamekwisha fika, mahindi yalikuwa mabichi shambani, na mwezi ulikuwa Muharram.

Tumeanza na 1973.